Umbali, mwendokasi na muda: swali la maneno likikugomea, lisome jibu lako baya

Ukisahihisha madaftari ya aljebra kwa muda mrefu, unagundua kwamba majibu mabaya hurudi yaleyale. Kuna basi linalokwenda kilomita 3.42 kwa saa. Kuna gari linalomfikia mwenzake saa 6 kabla halijaondoka. Kuna treni inayovuka daraja upesi kuliko inavyowezekana. Kila moja ya majibu haya limezaliwa na kosa lake mahususi, na ukilitazama vizuri litakuonyesha kosa lenyewe liko mstari gani. Kwa hiyo ukipata jibu la ajabu, usilifute kwanza. Lisome.

Kanuni yenyewe ni fupi: umbali ni sawa na mwendokasi mara muda. Zile nyingine mbili (mwendokasi ni umbali kugawa kwa muda, muda ni umbali kugawa kwa mwendokasi) ni hiyohiyo imegeuzwa. Wengi hufundishwa kuikumbuka kwa pembetatu yenye herufi tatu, na pembetatu hiyo haina ubaya. Lakini sijawahi kuona mwanafunzi aliyeshindwa swali gumu kwa sababu ameisahau kanuni. Anayekwama hukwama kwa sababu hajajua ni kitu gani ndani ya hadithi kinalingana na kitu gani. Mlinganyo ni sentensi inayosema “hiki ni sawa na kile”, na kama hujaipata sentensi hiyo kwa Kiswahili chako cha kawaida, hakuna herufi itakayokupatia.

Dalili: jibu ni kubwa mno au dogo mno

Hapa karibu kila mara tatizo ni vipimo. Uwe na kasi chache kichwani za kulinganishia: mtu hutembea takriban kilomita 5 kwa saa, baiskeli ya kawaida kama 15 hadi 20, gari kwenye barabara kuu 80 hadi 120, ndege kubwa ya abiria karibu 900. Ukipata mwendesha baiskeli wa kilomita 300 kwa saa, umechanganya dakika na saa, au mita na kilomita.

Makosa makubwa ya vipimo yanaonekana upesi. Yanayoumiza ni madogo, kwa sababu jibu lake linafanana na la kweli. Saa 1 na dakika 20 si 1.2. Saa 1.2 ni saa 1 na dakika 12. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa kwa muda huo husafiri kilomita 120, ila aliyeandika 1.2 atapata 108 na hatashtuka hata kidogo. Dawa ni kuandika dakika juu ya 60 kabla ya kitu kingine chochote: 20/60, yaani 1/3. Usikimbilie desimali, sehemu haikudanganyi.

Ndugu wa kosa hilo hutokea kwenye kutoa saa. Safari imeanza 2:45 ikaisha 5:20. Mwanafunzi anatoa kama namba za kawaida, 520 kutoa 245, anapata 275, anaandika saa 2.75. Muda halisi ni saa 2 na dakika 35, yaani saa 2 na 7/12. Saa ina dakika 60, si 100, kwa hiyo unapokopa saa moja unakopa dakika 60.

Swali likichanganya kilomita kwa saa na mita kwa sekunde, chagua lugha moja na uhamishe kila kitu humo kabla ya kuandika mlinganyo. Kilomita 1 ni mita 1000, saa 1 ni sekunde 3600, kwa hiyo kilomita kwa saa ukizigawa kwa 3.6 unapata mita kwa sekunde. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde.

Dalili: wastani wako unakataliwa na majibu ya kitabu

Umekwenda kwa kilomita 60 kwa saa, ukarudi njia ileile kwa 40. Wastani wa mwendokasi ni ngapi? Mkono unaandika 50 wenyewe. Jibu ni 48.

Sababu ni hii: safari ya taratibu inakula muda mrefu zaidi, kwa hiyo ile 40 ina uzito mkubwa kuliko 60. Chukua umbali wowote, tuseme kilomita 120. Kwenda ni saa 2, kurudi ni saa 3. Kilomita 240 kwa saa 5 ni 48. Kama unashuku kwamba umbali niliochagua ndio umeleta jibu, weka u badala yake: muda wote ni u/60 + u/40, yaani u/24. Umbali wote ni 2u. Gawa, u inajifuta, 48 inabaki.

Wastani wa mwendokasi ni umbali wote kugawa kwa muda wote, basi. Kujumlisha kasi mbili na kugawa kwa mbili kunafaa pale tu kila kasi imetumika kwa muda sawa. Saa 2 kwa 60 na saa 2 nyingine kwa 40: hapo 50 ni sahihi kabisa. Soma swali uone kilicho sawa ni muda au ni umbali.

Mtego huu si wa wanafunzi tu. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alimwandikia Albert Einstein fumbo la gari kuukuu linalotakiwa kwenda maili 2, moja ya kupanda kilima na moja ya kushuka. Maili ya kwanza linapanda kwa maili 15 kwa saa. Lishuke kwa kasi gani ili wastani wa safari yote uwe maili 30 kwa saa? Wengi hujibu 45. Lakini maili 2 kwa wastani wa 30 ni dakika 4, na maili ya kupanda peke yake imeshamaliza dakika hizo 4. Einstein alikiri kwamba hakuuona mtego mpaka alipokokotoa na kukuta hakuna muda uliobaki wa kushuka. Kwa hiyo ukijikuta umegawa kwa sifuri kwenye swali la wastani, usidhani ni lazima umekosea. Huenda swali lenyewe linakuambia haiwezekani.

Dalili: herufi zimejaa ukurasa, mlinganyo hautoki

Hapa ndipo wengi wanapoachia kalamu, na ndipo ningependa tukae.

Tuchukue swali. Lori linaondoka mjini kwa kilomita 50 kwa saa. Saa 2 baadaye gari dogo linaondoka mahali palepale, njia ileile, kwa kilomita 75 kwa saa. Litalifikia lori baada ya muda gani?

Mwanafunzi aliyekwama huwa ameandika umbali wa lori ni x, umbali wa gari ni y, muda ni t, muda mwingine ni z. Herufi 4, halafu anangoja. Kosa si kuzijua kanuni kidogo. Ameanza na herufi kabla ya kuuliza swali muhimu kuliko yote: wakati gari linalifikia lori, nini kiko sawa? Funga macho uione barabara. Magari mawili yako ubavuni, mahali pamoja, na yote yalianzia mahali pamoja. Umbali ni sawa. Hiyo ndiyo sentensi. Sasa andika herufi moja tu, kwa kile kilichoulizwa, na jaza jedwali:

| | Kasi | Muda | Umbali |
|---|---|---|---|
| Lori | 50 | t + 2 | 50(t + 2) |
| Gari | 75 | t | 75t |

Safu ya kasi umepewa. Safu ya muda umeijaza kutokana na hadithi. Safu ya tatu usiibuni kamwe: inatokana na mbili za kwanza kwa kuzidisha. Kisha sentensi ya usawa inaunganisha mistari miwili: 75t = 50(t + 2). 25t = 100, t = 4. Kwa saa 4 gari limekwenda kilomita 300, na lori kwa saa 6 limekwenda kilomita 300. Wamekutana.

Nimeona watu wakidharau jedwali kama kitu cha wanaoanza. Mimi nalitumia mpaka leo, kwa sababu linalazimisha kila namba ikae kwenye mstari wa mwenyewe. Makosa mengi ya maswali haya ni namba iliyohamia kwa jirani.

Sasa wenzetu wanaoelekeana. Miji miwili imeachana kilomita 460. Treni inatoka mji wa kwanza kwa kilomita 70 kwa saa. Saa 1 baadaye nyingine inatoka mji wa pili kuielekea, kwa kilomita 60 kwa saa. Wanapokutana nini kiko sawa? Si umbali wa kila mmoja. Safari hii vipande viwili vya umbali vikiungana vinajaza nafasi yote: 70(t + 1) + 60t = 460. Kwa hiyo 130t = 390, t = 3. Ya kwanza imekwenda 280, ya pili 180, jumla 460.

Aliyekariri kwamba “wanaoelekeana, jumlisha kasi” atagawa 460 kwa 130 na kupata takriban saa 3.54. Kukariri kwake ni sahihi nusu. Kasi hujumlishwa kwa muda ambao wote wawili wako njiani, na katika saa ile ya kwanza ya pili ilikuwa imesimama. Ukitaka njia hiyo ya mkato, kwanza ondoa kilomita 70 zilizokwishaliwa, ndipo ugawe 390 kwa 130.

Na aliyelazimisha umbali uwe sawa, kama kwenye swali la lori, ataandika 70(t + 1) = 60t na kupata t = −7. Hilo linatupeleka kwenye dalili nyingine.

Dalili: muda umetoka hasi

Kishawishi ni kufuta alama ya kutoa na kuendelea. Usifanye hivyo. Rudi kwenye lori na gari, na tuseme zile saa 2 umeziweka kwa gari badala ya lori: 75(t + 2) = 50t. Inatoka t = −6. Ukifuta alama unapata 6, namba inayoonekana ya heshima, lakini si muda wa gari. Ni muda wa lori. Mlinganyo wako uliogeuka umekujibu swali la mtu mwingine.

Alama hasi kwenye muda ina maana tatu za kawaida: nyongeza ya muda imekwenda kwa asiyestahili, umewafanya wanaoelekeana kuwa wanaofukuzana, au anayefukuza ana kasi ndogo kuliko anayefukuzwa na hivyo hatamfikia milele. Kwa ile ya kwanza kuna kipimo rahisi. Jiulize: nani amekaa barabarani muda mrefu zaidi? Aliyetangulia. Basi mtajo wake wa muda ndio uwe mkubwa. Neno “baadaye” ndilo linalopotosha, kwa sababu swali linamtaja aliyechelewa pamoja na zile saa 2, na mkono unampa yeye nyongeza. Aliyechelewa ana pungufu.

Dalili: kipeuo cha pili cha namba hasi, au majibu mawili

Haya ni maswali ya “kama angeongeza kasi”. Basi linasafiri kilomita 240. Kama lingeongeza kasi kwa kilomita 20 kwa saa, lingefika saa 1 mapema. Tafuta kasi yake.

Umbali ni uleule, muda ndio unaotofautiana, kwa hiyo sentensi ya usawa inahusu muda: muda mrefu kutoa muda mfupi ni saa 1. Iandike hivyo kwa maneno kwanza. Kasi ndogo ndiyo yenye muda mrefu, kwa hiyo

240/k − 240/(k + 20) = 1

Zidisha kila mtajo kwa k(k + 20). Unapata 240(k + 20) − 240k = k(k + 20), yaani k² + 20k − 4800 = 0, ambayo ni (k + 80)(k − 60) = 0. Kasi ni kilomita 60 kwa saa. Kwa 60 safari ni saa 4, kwa 80 ni saa 3.

Ukigeuza utoaji, ukaanza na 240/(k + 20), unaishia na k² + 20k + 4800 = 0. Ukitumia kanuni ya kutatua milinganyo ya kuadratiki (ile yenye k²) unakuta 400 kutoa 19,200 chini ya alama ya kipeuo. Wengi hapa hurudia hesabu ya kanuni mara tatu wakitafuta kosa. Kosa haliko huko. Liko juu kabisa, pale ulipodai kwamba basi lenye kasi kubwa limechelewa kufika.

Na lile basi la kilomita 3.42 kwa saa? Huyo aliandika tofauti ya muda kuwa 60 badala ya 1, kwa sababu “saa 1 ni dakika 60”. Ni kweli, lakini kasi iko kwa saa. Mlinganyo ukawa k² + 20k − 80 = 0. Basi linapotembea polepole kuliko mtu wa miguu, angalia upande wa kulia wa mlinganyo.

Kuhusu lile jibu la pili, −80: liache, na uandike kwa nini unaliacha, kwa sababu kasi hapa haiwezi kuwa hasi. Kosa baya ni kulivua alama ukasema basi linakwenda 80. Ile 80 ni kasi baada ya nyongeza. Kama ungeita k ile kasi kubwa, ungepata 80 na −60. Ni namba zilezile zimebadilishana viti.

Dalili: mashua na mkondo havikubaliani

Mashua inashuka mto kilomita 36 kwa saa 2, inapanda umbali uleule kwa saa 3. Kasi ya mashua kwenye maji yaliyotulia iwe x, ya mkondo y. Kushuka, mkondo unasukuma: x + y = 18. Kupanda, unarudisha nyuma: x − y = 12. Kwa hiyo x = 15, y = 3. Ndege na upepo ni hesabu hiyohiyo.

Ukipata y = −3, umebadilisha kushuka na kupanda. Ukipata 14.4 na 7.2, umesahau mabano: uliandika 2x + y = 36 badala ya 2(x + y) = 36, na vivyo hivyo kwa kupanda. Jaribu 14.4 kutoa 7.2, zidisha kwa saa 3: kilomita 21.6 tu. Mashua haijafika.

Kitu kimoja hapa huwachanganya hata wanaoelewa. Nimesema juu kwamba kasi mbili hazijumlishwi na kugawa kwa mbili, na hapa 18 na 12 zinatoa 15 kwa njia hiyohiyo. Hakuna mgongano. Hiyo 15 si wastani wa safari. Ni kasi ya mashua bila mkondo, ambao umeongezwa mara moja na kutolewa mara moja ukajifuta. Wastani wa safari nzima ni kilomita 72 kwa saa 5, yaani 14.4.

Dalili: treni na daraja, jibu limepungua kidogo

Treni ya mita 150 inavuka daraja la mita 350 kwa kilomita 72 kwa saa. Ukipata sekunde 17.5, umesahau kwamba treni ina urefu. Haijavuka mpaka behewa la mwisho limetoka. Kichwa cha treni kinasafiri mita 500 tangu kinapoingia hadi mkia unapotoka, na kwa mita 20 kwa sekunde hizo ni sekunde 25. Ikipita mbele ya mlingoti, umbali ni urefu wa treni peke yake.

Dalili: mlinganyo umekubali, lakini jibu si sahihi

Kwanza tazama kilichoulizwa. Kwenye swali la lori, t = 4 ni muda wa gari. Swali likiuliza wamekutana umbali gani kutoka mjini, jibu ni kilomita 300. Likiuliza lori limekuwa njiani muda gani, ni saa 6. Pigia mstari swali lenyewe kabla ya kuanza, na chini ya jibu andika kizio chake. Mara nyingi kizio ndicho kinachokushtua kwamba umeishia njiani.

Kama kilichoulizwa ndicho ulichojibu, basi umekagua mahali pabaya. Kurudisha jibu ndani ya mlinganyo wako hukuonyesha kwamba ulitatua vizuri, haikuonyeshi kwamba uliandika mlinganyo sahihi. Yule wa 70(t + 1) = 60t akirudisha −7 anapata −420 pande zote mbili, na anaridhika. Rudisha jibu kwenye hadithi. Treni ya kwanza imetoka, saa 1 imepita, iko kilomita 70 kutoka mji wake. Ya pili inatoka. Baada ya saa 3 nyingine ya kwanza iko kwenye kilomita ya 280, ya pili imekwenda 180 kutoka upande wake, na kilomita ya 280 ukihesabu kutoka mji wa kwanza ni kilomita ya 180 ukihesabu kutoka mji wa pili. Ziko mahali pamoja.